Kabla hujasema "Hiyo ni kompyuta tu"

Siku moja pale Mwanjelwa, Mbeya, nilibishana na vijana wa kibanda umiza karibu nusu saa kuhusu lori lililopinduka darajani kwenye filamu. Nilisema limechorwa kwa kompyuta, tena kwa kuapa. Baadaye nikaonyeshwa video ya nyuma ya kamera: lori lilikuwa lori kweli, chuma na matairi, limevutwa kwa waya. Mpaka leo linaniuma, kwa sababu kuna watu walihatarisha maisha yao kwa tukio lile, nami nikawanyang'anya sifa mbele za watu. Tangu hapo siamui kitu kabla sijajiandaa.

Anza na nakala yenyewe. Faili likiminywa sana ili filamu nyingi zienee kwenye flashi moja, vitu vidogo ndivyo vinavyopotea kwanza: vumbi, manyoya, mikunjo ya ngozi, matone. Sehemu za giza zinageuka kuwa miraba miraba. Sasa hivyo vidogo ndivyo ushahidi wako wote. Mimi lile lori nililiona likiwa laini kama sabuni, nikadhani limechorwa, kumbe faili ndilo lililokuwa limekamuliwa.

Kisha kagua TV. Filamu nyingi huonyeshwa picha 24 kwa sekunde, lakini TV nyingi za siku hizi zina mpangilio unaobuni picha nyingine za katikati ili mwendo uonekane laini. Ukiuacha umewashwa, hata mtu halisi anayetembea ataonekana anateleza, na mlipuko wa kweli utafanana na wa bandia. Ingia kwenye mipangilio uuzime. Punguza na mwanga wa chumba. Hapo ndipo macho yako yanaweza kuanza kazi.

Na macho ya mtu wa Nyanda za Juu Kusini yamefundishwa mengi bila yeye kujua. Aliyewahi kusimama kando ya barabara Mlima Kitonga akitazama semi zikishuka na mzigo anajua uzito unavyoonekana. Dereva akikanyaga breki, kichwa cha gari kinainama mbele kwanza, springi zinabonyea, tela linasukuma kwa nyuma. Likisimama, kichwa kinarudi juu taratibu na kutikisika mara moja au mbili. Kitu kizito hakianzi ghafla wala hakiachi ghafla. Efekti dhaifu, yaani kitu cha kubuni kilichopachikwa vibaya kwenye picha, hukamatwa hapa kuliko mahali pengine popote: gari la tani nyingi linakata kona kama boksi tupu, dubwana linatua na ardhi haishtuki, vumbi linaruka kabla mguu haujafika. Kabla hujatazama sura ya kitu, tazama kinapogusana na dunia.

Ukungu nao ni mwalimu. Toka nje asubuhi uutazame mlima Loleza ulio juu ya mji wa Mbeya, halafu geukia milima ya Uporoto. Ya karibu ina vivuli vizito. Ya mbali imefifia, imeelekea buluu, hata vivuli vyake ni vyepesi. Hewa iliyo katikati ndiyo inayofanya hivyo. Kwa hiyo jitu likionyeshwa limesimama nyuma ya mlima, lakini weusi wake ni mzito kama wa kitu kilichoko uani kwako, kuna mtu alisahau kuweka hewa. Vivuli pia vikague: jua ni moja, na cha mtu na cha mnyama vinapaswa kulala upande mmoja.

Maji hayadanganyiki kirahisi. Ukiipunguza meli iwe ya mfano, matone hayapungui pamoja nayo, ndiyo maana meli za mfano za filamu za zamani zilikuwa zinatambulika kirahisi kuwa si meli za kweli: tone moja kubwa kama dirisha.

Kwa wanyama, kumbuka uliyoyaona hifadhi ya Ruaha kama umewahi kufika. Tembo hata akikimbia hainui miguu yote minne kutoka ardhini kwa pamoja. Ukimwona anaruka kama farasi, umeshapata jibu.

Lakini jiandae pia kushindwa, hasa na kazi nzuri. Katika The Lion King ya mwaka 2019, nyika, simba na majani vyote vilitengenezwa kwa kompyuta. Mwongozaji Jon Favreau alieleza kwamba ni picha moja tu, ya mawio mwanzoni, iliyopigwa kwa kamera. Kinyume chake, magari ya Mad Max: Fury Road ya 2015, ambayo wengi huyashuku, yaliundwa kweli na kuendeshwa jangwani Namibia, kisha kompyuta ikaja kuongeza dhoruba ya mchanga na kufuta nyaya za usalama. Na Jurassic Park ya 1993, inayosifiwa kama mwanzo wa zama za kompyuta, ina dakika kama 15 tu za dinosaria, na nyingi kati ya hizo ni midoli mikubwa ya mashine iliyoundwa na kundi la Stan Winston, fundi wa madubwana ya filamu. Ukiuliza "ni kweli au kompyuta?" mara nyingi umeuliza vibaya. Uliza ni sehemu gani ya picha hii iliyopigwa, na ipi iliyoongezwa.

Mwisho, mwombe mwenye kibanda asikate filamu majina yanapoanza kupita. Soma idara: waliocheza matukio ya hatari, mafundi wa milipuko, wachoraji wa kompyuta. Orodha ndefu ya hao wa mwisho haithibitishi kwamba tukio ulilolishuku ni lao. Huenda kazi yao ilikuwa kuondoa nguzo ya umeme nyuma ya stelingi. Andika dakika ya tukio, lirudishe, lisimamishe picha moja moja, utazame tairi linapogusa lami.