Kumshika mkono mwalimu mpya, na unachovuna wewe mwenyeji

Mwalimu mpya akiripoti shuleni hupewa ratiba na chaki, kisha huachwa apambane. Mkuu wa idara akikuomba umlee, kubali, hata kama hakuna posho. Faida yako itatokana na kulazimika kueleza mambo ambayo umeyafanya kwa mazoea miaka nenda rudi, si na nasaha utakazompa.

Kubalianeni kwanza. Muhula mmoja unatosha: kila wiki kipindi kimoja cha dakika 40 cha kutazamana darasani, na nusu saa ya mazungumzo siku hiyohiyo. Saa hizo ziandikwe kwenye ratiba. Zikiachwa za "tukipata nafasi", mitihani ya kwanza itazimeza. Mwambie wazi pia kwamba hupeleki taarifa kwa mkuu wa shule. Akikuona mkaguzi, atakuandalia kipindi cha maonyesho na hutajifunza chochote.

Wiki mbili za mwanzo aingie yeye darasani kwako. Mpe andalio la somo na kazi moja tu: aweke alama kila ulipoliacha andalio, kisha akuulize kwa nini. Tuseme mnafundisha kujumlisha sehemu. Mwanafunzi anaandika 1/2 + 1/3 = 2/5, juu kwa juu, chini kwa chini. Badala ya kumsahihisha, unamuuliza: 2/5 na 1/2 ipi kubwa? Anagundua mwenyewe kwamba jibu lake ni dogo kuliko namba aliyoanza nayo. Kwako huo ni ujanja wa kawaida. Mgeni atataka kujua umejuaje kwamba kosa litatokea hapo, na mara ngapi swali lako halijafanya kazi. Ukishaliweka hilo kwa maneno, liandike kwenye andalio lako la mwaka ujao. Maandalio ya wenyeji wengi ni makavu kwa sababu yaliyo muhimu yamebaki kichwani.

Baadaye ukae wewe nyuma. Usimkatize. Akikosea ubaoni, subiri wanafunzi waanze zoezi, umsogelee na kumnong'oneza. Asahihishe yeye kabla kosa halijakaa kwenye madaftari. Chora ramani ya madawati na uweke nukta kwa kila aliyeulizwa. Mara nyingi nukta hujaa safu za mbele, za nyuma zikabaki tupu. Pima pia kimya baada ya swali: hesabu kimoyomoyo hadi tatu. Walimu wengi, wakongwe wakiwemo, hujijibu kabla ya hapo. Wiki inayofuata mpe yeye karatasi apime kwako. Jiandae kushangaa.

Mazungumzo yasifanyike katikati ya ofisi ya walimu. Mwulize kwanza yeye ameonaje, mwonyeshe karatasi, mchague jambo moja la kurekebisha. Ukimpa matano, hatafanya hata moja. Hata kama alisoma kwako tangu kidato cha kwanza, mbele ya wanafunzi ni "Mwalimu", si "mwanangu".

Malezi haya huharibika kwa njia zinazojulikana. Ukimpa maandalio yako yote, atanakili, na swali la kwanza lisilotarajiwa litamwangusha. Ukimbebesha zamu zako na rundo la madaftari ya kusahihisha, umepata kibarua. Ukimng'ang'ania, atasubiri idhini yako kwa kila kitu. Mwezi wa mwisho punguzeni, mkutane kila baada ya wiki mbili.

Yeye naye ana vya kukupa. Kwa Tanzania, mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika 2024. Kama ametoka chuoni juzi, mwachie aandae kazi mradi au upimaji wa umahiri, wewe uwe mwanafunzi. Mkiwa mnasoma azimio la kazi (mpango wa mada za kufundisha) pamoja, ukiugua anajua ulipoishia, na vipindi vyako havilali.

Tunza daftari la tarehe, jambo mlilolifanyia kazi na kilichobadilika. Ukiwania ukuu wa idara au taaluma, huo ni ushahidi kwamba unaweza kuwaongoza watu wazima. Kikao cha MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) kikifika, peleka ile ramani ya madawati, ya kwako kwanza, na ya mwenzako akiridhia tu.