Simu imepekuliwa bila hati: namna ya kumwandikia Mbunge na Mwakilishi wako, kwa tulioko Unguja na Pemba

Mfunguo Mosi wa mwaka juzi alikuja kwangu kijana wa bodaboda, jirani yangu hapa Wete, yeye na mama yake. Simu yake ilichukuliwa na askari wa kituo kimoja, akaamrishwa aseme namba ya siri, ikasomwa WhatsApp yake yote: picha za dada zake majumbani, mazungumzo na mchumba wake, mpaka sauti za marehemu baba yake alizokuwa amezihifadhi. Baada ya siku mbili akarejeshewa. Hakupewa karatasi wala hakuambiwa kosa. Mama mtu akaniambia, "Maalim, tuandikie barua kwa mkubwa yoyote."

Hilo neno "yoyote" lilitugharimu miezi minne.

Mimi naandikia watu barua kwenye duka la steshenari: za mirathi, za uhamisho wa skuli, za mikopo. Hii ilinishughulisha kuliko zote, na tangu hapo wamekuja wengine wenye shida kama yake. Naieleza njia yote ili mtu aliyepatwa na jambo hili asizunguke kama tulivyozunguka sisi.

Hatua ya 1: Andika siku hiyo hiyo, kwenye daftari

Andika tarehe, saa, mahali, askari walikuwa wangapi, namba ya askari kama uliiona kwenye sare, maneno waliyoyasema, ulichotia saini na ambacho hukutia. Tumia daftari la karatasi. Simu iliyokwisha kupekuliwa mara moja si mahali pa kuweka ushahidi wako.

Kama umefunguliwa kesi, simama hapa kwanza, barua isubiri. Nenda kwa mwanasheria. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kipo tangu 1992 na kina afisi Unguja na Chake Chake. Jambo lililoko mahakamani Mbunge hatalisemea, na maneno uliyoyaandika kwa hasira yanaweza kukurudia wewe.

Wala usianze kwa kulirusha kwenye magrupu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inaadhibu kuchapisha habari za uongo: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Wewe unasema kweli, najua. Lakini grupu la watu 200 litaongeza chumvi, na aliyeanza kurusha ni wewe.

Hatua ya 2: Jua jambo lako ni la nani

Hapa ndipo tulipokwama, kwa hivyo naomba usome polepole.

Mtu wa Bara ana mtu mmoja wa jimbo lake wa kumwandikia kuhusu sheria za nchi. Sisi tuna wawili: Mbunge anayekwenda Bungeni Dodoma na Mwakilishi anayekaa kwenye Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, huko Chukwani. Majimbo yetu ni 50, na jimbo moja linawatoa wote wawili. Watu wengi huwachanganya, na wao wenyewe hawana haraka ya kukusahihisha.

Barua yetu ya kwanza tuliipeleka kwa Mwakilishi, kwa sababu nyumba yake ni karibu. Baada ya wiki saba tukajibiwa kwa mdomo kwamba Polisi ni jambo la Muungano, Baraza halina mamlaka nalo. Kweli. Fungua Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, Nyongeza ya Kwanza mwisho wa kitabu, utaikuta orodha ya mambo ya Muungano: ulinzi na usalama ni la 3, Polisi ni la 4, hali ya hatari ni la 5, na posta na simu zimo katika la 11 pamoja na bandari na usafiri wa anga. Tukabadilisha jina juu ya barua, maneno yakabaki yale yale, tukampelekea Mbunge.

Msaidizi wa Mbunge akatuita baada ya wiki nyengine nyingi. Akasema kwa adabu kabisa: askari ni wa Muungano, lakini utaratibu wa kumpekua mtu hapa Zanzibar unaongozwa na Sheria ya Mwenendo wa Jinai ya Zanzibar ya 2018, nayo ilipitishwa na Baraza la Wawakilishi. Rudini Chukwani.

Kijana alitaka kuichana barua. Mimi usiku ule sikulala. Nilikaa na sheria mezani mpaka nikaona kwamba wote wawili walikuwa wakweli. Askari anayeshika simu ni wa Muungano. Kama aliishika kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao, hiyo ni ya Bunge na inatumika hadi huku. Kama aliishika kwa upekuzi wa kawaida, sheria ni ya Baraza. Na kwa kuwa kijana hakuoneshwa karatasi yoyote, hakuwa na njia ya kujua ilikuwa ipi. Barua moja haiwezi kubeba yote hayo. Zinatakiwa mbili, kila moja ikimuomba mtu wake kile kilicho ndani ya uwezo wake tu.

Siku hizi nagawa hivi. Laini za simu, usajili wake kwa alama za vidole, kampuni za simu kutoa taarifa zako, Usalama wa Taifa, kitambulisho cha NIDA, mwenendo wa askari polisi: Mbunge. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, kamera iliyofungwa na taasisi ya SMZ (Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar), sheha anayekuuliza mgeni wako ni nani na atalala siku ngapi, KMKM na vikosi vyengine vya SMZ, taratibu za upekuzi na mahakama zetu: Mwakilishi. Ukiona jambo lako lina mguu huku na huku, andika mbili.

Tahadhari moja zaidi, maana imewapoteza hata wasomi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatumika Zanzibar, lakini haigusi mambo yasiyo ya Muungano. Ukilalamikia kampuni ya simu, itaje. Ukilalamikia taarifa zako za hospitali ya SMZ, usiitaje, utajibiwa kwa mstari mmoja na barua yako itakuwa imekufa.

Baraza pia huchagua wajumbe wake 5 wanaoingia Bungeni. Mwakilishi wako akiwa mmoja wao, bahati yako, anakaa kote kuwili. Hata hivyo mwandikie kila jambo kwenye barua yake.

Hatua ya 3: Ombi moja

Barua nyingi zinazonipitia zinalia vizuri lakini haziombi kitu. "Tunaomba utusaidie" humpa Mheshimiwa nafasi ya kukuonea huruma na kuendelea na safari yake. Muombe kitendo. Mbunge ana haki ya kumuuliza Waziri swali, imo katika ibara ya 63 ya Katiba. Kwa hiyo muandikie swali lenyewe, tayari, alichukue kama lilivyo. Kwa upande wa Mbunge wetu tuliandika:

"Je, Serikali ina mpango gani wa kurekebisha kifungu cha 31 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ili amri ya kupekua na kuchukua simu ya mwananchi itolewe na mahakama badala ya mkuu wa kituo cha polisi?"

Kifungu hicho kinampa mkuu wa kituo uwezo wa kuamuru askari aingie, apekue na achukue kifaa akiridhika kwamba kuna sababu za msingi, bila kwanza kwenda kwa hakimu. Wakati huo huo Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002 inamtaka polisi aombe mahakama, tena kwa ridhaa ya maandishi ya Mwanasheria Mkuu, kabla ya kunasa mawasiliano ya mtu. Mshukiwa wa ugaidi ana hakimu katikati yake na anayemsikiliza. Kijana wa bodaboda hana. Hoja hiyo iweke kwenye barua, inaeleweka na kila mtu.

Kwa Mwakilishi ombi lilikuwa jengine: amuulize waziri anayeshughulikia sheria ni karatasi gani mtu anatakiwa kupewa pale simu yake inapochukuliwa, na kama yaliyomo ndani ya simu yanahesabika sawa na vitu vya mfukoni.

Hatua ya 4: Barua yenyewe

Ukurasa mmoja. Siandiki wa pili hata nikilipwa zaidi. "Husika na kichwa cha habari hapo juu" uache, unakula mstari na haumwambii mtu kitu. Anza na wewe ni nani kwake.

Rasimu ya kijana ilianza hivi: "Serikali inatupeleleza sote na haki hakuna tena nchini." Yaliyomuuma ni ya kweli, lakini hakuna Waziri anayeweza kulijibu hilo ila kwa kulikanusha. Tukaiandika upya:

*YAH: KUCHUKULIWA NA KUPEKULIWA SIMU BILA HATI*

*Mheshimiwa, mimi ni mpiga kura wako, shehia ya ______. Jumatatu, tarehe 22 Aprili, saa tano asubuhi, nikiwa kituo cha bodaboda, askari wawili walichukua simu yangu na kunitaka nitaje namba ya siri. Hawakunionesha hati wala kunitajia kosa. Simu ilikaa kituoni hadi Jumatano. Sikupewa stakabadhi. Ndani yake mlikuwa na picha za familia yangu na mazungumzo ya watu ambao hawatuhumiwi kwa lolote.*

*Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi na mawasiliano yake, na ibara ya 18 inampa haki ya kutoingiliwa katika mawasiliano yake.*

Kisha swali, kisha "naomba jibu la maandishi", kisha jina na saini. Kwa Mwakilishi taja badala yake ibara ya 15 ya Katiba ya Zanzibar ya 1984. Usimtajie Katiba zote mbili kwenye barua moja.

Usiambatishe picha za mazungumzo. Yale ni ya wenzako pia, na wewe unalalamika kwamba yamesomwa na wasiohusika. Usitaje chama chochote, chako wala chake. Na jina la askari, hata ukilijua, kwenye barua hii halihitajiki. Unaomba sheria irekebishwe, na lalamiko juu ya mtu fulani lina barua yake ya peke yake kwa wakubwa wake.

Hatua ya 5: Chapisha, tia saini, toa nakala tatu

Hatua ya 6: Ipeleke kwa mkono

Sikubaliani na wanaotuma kwa WhatsApp ya Mheshimiwa. Huko inakaa baina ya salamu za Ijumaa na maombi ya michango ya harusi. Barua pepe ni afadhali, lakini hakuna anayekwambia kama imefunguliwa. Nenda na nakala mbili kwenye afisi ya jimbo, moja wabaki nayo, nyengine wakupigie muhuri wa kupokelewa na tarehe. Ukikuta afisi imefungwa, usimwachie mtoto wa nyumba ya pili. Rudi kesho. Wakati wa vikao vya Bunge unaweza kuituma kwa rejista hadi Afisi ya Bunge, S.L.P. 941, Dodoma, na risiti ya posta uibane kwenye nakala yako.

Ukimkuta Mheshimiwa mwenyewe barazani, mpe mkono, mpe barua, mwambie kwa sentensi mbili. Mama wa kijana wetu alimwambia, "Mwanangu sauti ya baba yake imo mle ndani, na wameisikiliza watu wasiomjua." Msaidizi alikuwa akiandika, akaacha kuandika.

Tazama pia kalenda. Kuanzia Aprili hadi Juni Bunge liko kwenye bajeti, na maswali yenye takwimu za wizara hupata nafasi wakati huo. Barua ikifika wiki moja kabla ya kikao imechelewa, kwa sababu swali la msingi hupelekwa kwa maandishi mapema.

Hatua ya 7: Fuatilia

Baada ya siku 21 nenda tena na nakala yako yenye muhuri. Uliza kitu kimoja tu: swali limepelekwa au halijapelekwa? Likiwa limepelekwa, uliza lini. Likiwa halijapelekwa, uliza sababu na uiandike mbele yake kwenye daftari lile lile la hatua ya kwanza, pamoja na tarehe.

Sisi kwa Mwakilishi tulipata jibu la maandishi la aya mbili, kwamba amelipokea na atalipeleka. Kwa Mbunge tulikwenda mara tatu. Mara ya tatu msaidizi alitutolea karatasi yenye swali letu limepigwa chapa, neno "badala ya mkuu wa kituo" limekatwa kwa kalamu na kuandikwa "baada ya kushauriana na mkuu wa kituo". Kijana akamuomba kalamu hiyo hiyo, akayarudisha maneno yake, na akatia saini pembeni.