Kabla hujapiga Windows upya, toa kwanza nakala ya mitandao yako ya Wi-Fi

Mbukwenyi wakuu. Wiki iliyopita nilimrudishia mama mmoja wa Makole laptopu yake ikiwa safi: Windows mpya, nyaraka zote zipo, picha za wajukuu zipo. Kesho yake akanipigia akiwa ofisini Mtumba. "Mwanangu, mashine haishiki mtandao." Ilikuwa inadai nenosiri la Wi-Fi, na pale ofisini hakuna aliyelijua. Kijana aliyefunga ruta alishahama Dodoma. Ikabidi ruta irudishwe kwenye hali ya kiwandani, simu za watu wote na printa vikaanza kuunganishwa upya kimoja kimoja. Amri moja tu ingezuia usumbufu wote ule, nami sikuiandika. Nilimwomba radhi. Somo hili linatokana na siku ile.

Tangu Microsoft ilipofunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mashine nyingi zinaletwa kwa mafundi zihamishiwe Windows 11. Ukifuta diski, kila mtandao ambao mashine ilikuwa inaukumbuka unafutika nao: wa nyumbani, wa kazini, wa ile gesti ya Manyoni unayolala kila ukienda kukagua mradi. Kifaa cha kuitolea nakala kinaitwa netsh, kimo ndani ya Windows yenyewe. Hupakui chochote, bando lako halitaguswa.

Hatua ya 1. Chomeka flashi, uangalie imepewa herufi gani. Hapa nitatumia E. Yako ikiwa D au F, badilisha. Kisha bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya Command Prompt na uchague "Run as administrator". Msiliruke hili, sababu yake iko hatua ya 4.

Hatua ya 2. Tazama mashine inakumbuka nini:

netsh wlan show profiles

Itakuja orodha ya majina. Wengi hushtuka kuona mitandao waliyoisahau miaka.

Hatua ya 3. Tengeneza folda, halafu toa nakala ya kila kitu:

md E:\wifi
netsh wlan export profile key=clear folder=E:\wifi

Folda lazima iwepo kabla ya amri ya pili, vinginevyo itagoma. Kila mtandao utapata faili lake la XML, na jina la faili huanza na jina la kadi ya Wi-Fi, kwa mfano Wi-Fi-Nyumbani.xml.

Hatua ya 4. Hakiki. Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Fungua faili moja kwa Notepad, tafuta neno keyMaterial. Mbele yake unatakiwa kuona nenosiri lenyewe, linasomeka. Juu yake kidogo kuna neno protected, nalo lifuatwe na false. Ukiona true na mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu, nenosiri limefungwa kwa ufunguo wa Windows hiyo hiyo unayotaka kuifuta. Faili la namna hiyo ukilipeleka kwenye Windows mpya halitakusaidia. Mara nyingi sababu ni mbili: umesahau key=clear, au hukufungua cmd kama msimamizi. Rudia, hakiki tena, ndipo ufute diski.

Kwa kuwa nenosiri linasomeka, yeyote atakayeishika flashi hiyo ameshika funguo za nyumba yako na za ofisi ya watu. Msiyatume mafaili haya kwenye magrupu, msiyaache kwenye kompyuta ya stesheneri. Mimi nikishamrudishia mteja mashine nayafuta mbele ya macho yake, na fundi anayekataa kufanya hivyo simwamini.

Hatua ya 5. Kurudisha. Windows mpya ikishakaa, weka kwanza draiva ya Wi-Fi, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi ya Wi-Fi. Kisha fungua cmd kama mwanzo:

netsh wlan add profile filename="E:\wifi\Wi-Fi-Nyumbani.xml" user=all

Ikiwa ni mingi, irudishe yote kwa mkupuo:

for %f in (E:\wifi\*.xml) do netsh wlan add profile filename="%f" user=all

Ukiiandika ndani ya faili la bat (faili la kuhifadhia amri), alama ya asilimia iwe mbili: %%f.

Maswali ya wanakikundi

Kondoa: Mkuu, nimefika hatua ya 5 inaniambia "There is no wireless interface on the system". Mafaili yameharibika?

Hapana kaka, mafaili yako salama. Windows haijaiona kadi ya Wi-Fi, yaani draiva bado. Kama huna intaneti ya kuipakua, unganisha simu kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti kwa USB, mashine itapata mtandao kupitia simu. Ukishaweka draiva, rudia amri.

Mwanachuo, Dodoma: Shikamoo fundi. Mtandao wa chuo unataka jina la mtumiaji na paswedi yangu mwenyewe. Na wenyewe utahama?

Marahaba. Mipangilio itahama, ila jina lako na paswedi havimo kwenye faili. Utaviandika upya mara ya kwanza. Hakikisha unavikumbuka kabla ya kufuta diski.

Singida: Mimi natumia Ubuntu, netsh sina.

Kwako, kama Ubuntu yako ni ya kabla ya toleo la 23.10, mitandao imo ndani ya /etc/NetworkManager/system-connections, faili moja kwa kila mtandao; kuanzia 23.10 huwekwa ndani ya /etc/netplan, na hatua zinazofuata ni za matoleo ya kabla yake. Nakili kwa sudo. Ukirudisha, mmiliki awe root (mtumiaji mkuu) na ruhusa iwe 600, maana NetworkManager, programu inayosimamia mitandao, hulikataa faili lililo wazi kwa wengine. Maliza kwa sudo nmcli connection reload. Huko nako manenosiri kwa kawaida yanasomeka, yalinde vile vile.

Mpwapwa: Kaka, mashine yangu imekufa kabisa, haiwaki. Nimeshachelewa?

Kwa njia hii ndiyo, dada, kwa sababu amri zinahitaji Windows iliyo hai. Lakini tazama simu yako: kama ni Android 10 au zaidi na ilishawahi kuunganishwa na mtandao huo, ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi, gusa mtandao, uchague kushiriki. Itakuja picha ya msimbo wa QR, na kwenye simu nyingi nenosiri linaandikwa chini yake. Liandike kwenye daftari leo hii, usingoje simu nayo ife.

Kongwa: Nina mtandao mmoja tu. Kuna haja ya mafaili yote haya?

Hakuna. Andika netsh wlan show profile name="Nyumbani" key=clear, ukiweka jina la mtandao wako. Soma penye "Key Content", nakili kwenye karatasi, inatosha.