Kusoma alama za singe ya Kijerumani kabla ya kuinunua

Singe, yaani kisu kinachochomekwa mdomoni mwa bunduki, ikikujia mkononi katika duka la vitu vya kale Mji wa Kale, Mombasa, anza na rula. Pima bapa kuanzia kwenye kikingio, kile chuma kinachotenga mpini na bapa, hadi nchani: aina ya 84/98 ina karibu sentimita 25, 98/05 karibu 37, na ile ndefu ya 1898 karibu 52.

Kisha geuza mgongo wa bapa, karibu na mpini, uutazame juani kwa lenzi. Taji juu ya W kwa kawaida ni ya Prussia, ufalme wa Kijerumani, yaani Mfalme Wilhelm. Tarakimu mbili chini yake ni mwaka, kwa hiyo W na 15 ni 1915. Jina la kiwanda, kama Simson & Co. Suhl au Erfurt, hukaa kwenye ubavu wa bapa, chini ya kikingio. Za miaka ya 1940 huwa na herufi ndogo za siri badala ya jina: cof ni kiwanda cha Eickhorn.

Mgongo uliosagwa usiukatae haraka. Baadhi ya singe zilikuwa na meno ya msumeno mgongoni, nayo yaliondolewa kwa amri wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. La kutilia shaka ni alama yenye kingo kali iliyogongwa juu ya vishimo vya kutu: hiyo imewekwa juzi.

Msasa usiuguse kamwe, unafuta alama. Sugua kwa kitambaa na mafuta ya cherehani, na kwa hewa ya chumvi ya Mombasa rudia kila mwezi. Usiiache ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hunyonya unyevu na kula chuma.