Pistoni ikigoma, nyundo ije mwisho

Trekta kuukuu, tuseme Massey Ferguson 135, likilala misimu miwili bila kuwashwa, kutu huweza kukamata pistoni ndani ya silinda za injini. Ukishavua silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini), changanya ATF (mafuta ya giaboksi otomatiki) na asetoni nusu kwa nusu, mimina juu ya pistoni, acha siku kadhaa (mbali na moto, asetoni hushika moto upesi). Kwangua kutu ya kuta za silinda. Kisha weka kipande cha mti mgumu juu ya pistoni, gonga kwa kiasi, mwenzako akitikisa flaiwili (gurudumu zito la injini) mbele na nyuma. Ikisogea hata unywele, ongeza mchanganyiko, rudia. Pistoni iliyo juu kabisa usiigonge. Kipigo chote huishia kwenye beringi. Na kulivuta kwa trekta jingine? Hapo ndipo konrodi, fimbo za chuma zinazoshika pistoni, zinapopindia.