Kabla ya kuipitisha bechi ya risasi kwa shabaha za mbali: sampuli, kifaa na jua la Dodoma

Risasi tano hazitoshi. Wapigaji wengi hufyatua tano, wakaona kronografi, kifaa cha kupima kasi ya risasi, imetoa namba zinazofanana, wakaamini bechi nzima, yaani risasi zote zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja, ni nzuri. Tuseme kasi zilikuwa mita 788, 792, 790, 794 na 791 kwa sekunde. Wastani ni 791, na mchepuko sanifu, yaani kasi zinavyotawanyika kuuzunguka wastani, ile namba ambayo kifaa huiandika SD, ni 2.2. Inapendeza. Lakini kwa sampuli ya tano, SD halisi ya bechi inaweza kuwa popote kati ya mara 0.6 na mara 2.9 ya hiyo uliyoisoma, kwa uhakika wa 95%. Yaani kati ya 1.3 na 6.4. Kwa bunduki ya kaliba .308 inayotoa kichwa, kile kipande kinachoruka, cha greni 175 (gramu 11 hivi) kwa kasi ya mita 790 hivi, kasi ikipungua kwa mita 10 kwa sekunde, tundu kwenye shabaha hushuka kama milimita 2 tu kwenye mita 100, lakini kwenye mita 600 hushuka takriban sentimita 10. Kwa hiyo namba zile tano zinaweza kuwa za bechi ambayo matundu yake mengi yatakaa ndani ya sentimita 3 juu na chini, au ya bechi itakayotawanya hadi sentimita 13 juu na chini. Hujajua ni ipi.

Ndiyo maana jambo la kwanza ni kuamua idadi kabla hujatoka nyumbani. Ishirini ni kiwango cha chini cha kufanyia kazi, kwa sababu SD halisi inabaki kati ya mara 0.76 na 1.46 ya uliyoipima. Thelathini ni bora zaidi, kati ya 0.80 na 1.34. Ukipanda hadi 100 unapata 0.88 hadi 1.16, na kwa bei ya risasi za masafa marefu hiyo ni anasa. Ongeza tano za kuchafua mtutu uliosafishwa na nyingine tano za akiba, maana kronografi hukosa kusoma baadhi. Jumla ni kama 40. Kabla ya kununua, soma kibali chako cha silaha uone kinakuruhusu kumiliki risasi ngapi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina msamaha kwa mtu anayefanya takwimu. Hakikisha pia uwanja unaokwenda umeruhusiwa na una kingo ya udongo nyuma ya shabaha, kwani tambarare za Dodoma hudanganya: unaona vichaka vitupu, kumbe nyuma yake kuna wachungaji na ng'ombe.

Andika pia kigezo cha kukubali au kukataa, na ukiandike kabla ya kufyatua. Ukitaka uhakika wa 95% kwamba SD halisi haizidi mita 5 kwa sekunde, sampuli ya 30 lazima ikupe 3.9 au chini yake. Kwa sampuli ya 10 lazima ikupe 3.0. Hii huwashangaza watu: ukipunguza sampuli, unajibana kigezo. Anayepima 10 na kupata 4.5 halafu akasema "iko chini ya tano, imepita" hajapima kitu.

Sasa namna ya kuzichagua, ambapo kazi nyingi huharibika. Risasi hutoka kiwandani kwa mfululizo, na paketi hujazwa kwa mfululizo huohuo. Risasi 20 za paketi moja kwa kawaida hufanana kuliko bechi nzima inavyofanana, kwa hiyo ukichukua zote kwenye paketi ya juu unapima paketi, hupimi bechi. Kama una katoni ya paketi 10 zenye risasi 20 kila moja, toa tatu kutoka kila paketi. Zipe nafasi za kwenye trei namba 1 hadi 20, kisha acha simu ichague namba tatu kwa nasibu. Mkono wa mtu hupenda za pembeni na zinazong'aa. Kabla ya hapo fungua kila paketi usome namba ya bechi iliyogongwa kwenye kifuniko. Katoni iliyofunguliwa dukani huweza kuwa na paketi za bechi mbili, rangi ileile, uzito uleule wa kichwa, na baruti ya bechi tofauti. Ukizichanganya, SD itapanda na hutajua kosa ni la nani. Zilizochaguliwa ziandike alama ya paketi kwa kalamu ya wino mzito kwenye ganda, zichanganye, uzipange upya. Zikipigwa kwa mpangilio wa paketi, joto la mtutu litajifanya tofauti ya paketi.

Kuhusu kifaa, kumbuka kwamba nacho kina mtawanyiko wake, na mitawanyiko hii hujumlishwa kwa mraba. Kronografi yenye kosa la SD 3 ikipima risasi zenye SD 4 itakuonyesha 5. Hapo utailaumu bechi isiyo na hatia. Za macho, zile zinazosoma kivuli cha risasi, zinahitaji mwanga tulivu. Jua la saa sita Dodoma likiwa utosini, weka vivuli vyake vya plastiki juu ya vihisio, na kiweke kifaa mita 3 hadi 5 kutoka mdomoni mwa mtutu ili mlipuko usikidanganye. Za sumaku zinazofungwa kwenye mtutu husoma vizuri, ila hubadilisha mahali risasi inapofikia, kwa hiyo usipime kasi na kundi la matundu kwa pamoja. Za rada hazina shida hizo mbili. Vyovyote iwavyo, usibadilishe kifaa katikati ya sampuli.

Joto ndilo adui wa wenyeji wa kanda hii. Baruti iliyopata moto huungua haraka zaidi, kasi hupanda na mgandamizo ndani ya chemba, pale risasi inapokaa kwenye bunduki, hupanda pia. Risasi zilizoachwa kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa mchana si risasi zilezile ulizozinunua. Zibebe kwenye boksi la kuhifadhi ubaridi, bila barafu, kivulini, na ziache zilingane na hewa ya uwanjani walau saa moja. Anza asubuhi. Kati ya Juni na Agosti asubuhi za Dodoma huwa na ubaridi na upepo mdogo, kisha mchana upepo wa mashariki huanza kusukuma vumbi. Upepo hauharibu kipimo cha kasi, lakini unaharibu matundu. Fyatua moja kwa dakika, kumi kumi, na kati ya kumi na kumi acha mtutu upoe dakika 15 bolti, komeo la chemba, ikiwa wazi. Usipakie mpaka uko tayari kubonyeza: risasi iliyokaa kwenye chemba iliyochemka hupikwa humo, na mara nyingi itakuwa ndiyo namba ya juu kabisa kwenye orodha yako.

Mwinuko nao una lake. Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Kasi ya mdomoni haijali hilo, kwa hiyo takwimu za usawa wa bechi zinaweza kuhama na wewe. Jedwali la kushuka kwa risasi haliwezi.

Namba ikitoka ya ajabu, kishawishi cha kuifuta ni kikubwa. Kanuni iwekwe mapema: usomaji unaondolewa tu kama sababu inajulikana bila kuitazama namba yenyewe, kwa mfano kifaa kimeonyesha kosa. "Nilishtuka nilipobonyeza" ni sababu ya kuweka alama kwenye tundu la karatasini. Si sababu ya kufuta kasi, kwa sababu bega lako haliongezi baruti. Risasi ya kwanza ya mtutu baridi na safi iandikwe kando. Kwa muongoza wawindaji anayekwenda mapori ya akiba ya Rungwa au Muhesi hiyo ndiyo yenye maana kuliko zote, na sampuli yake hukusanywa moja moja kwa siku tofauti, haitoki kwenye kikao kimoja.

Ukilinganisha bechi mbili, zipige kwa zamu, tano za A, tano za B, tena A. Kwa kumi kumi, SD moja lazima iwe mara mbili ya nyingine ndipo useme kuna tofauti; kwa ishirini ishirini, mara 1.6 hivi. Na usilinganishe tofauti kati ya kasi ya juu na ya chini kama idadi hazilingani: risasi tano kwa wastani hutoa tofauti ya mara 2.3 ya SD, ishirini hutoa mara 3.7, hata zikiwa za bechi moja.

Kuna kitu sampuli ndogo haiwezi kukuonyesha, nacho ni risasi isiyolipuka. Zote 30 zikilipuka, bado inawezekana kwa kiwango kilekile cha 95% kwamba hadi 10% ya bechi ni mbovu. Kushusha shaka hiyo hadi 1% kunataka risasi 300 bila kosa hata moja. Kwa hiyo jiandae kwa hilo hata kwenye bechi uliyoipitisha: isipolipuka, elekeza mdomo kwenye shabaha, subiri sekunde 30 kabla ya kufungua bolti. Ikitoa mlio hafifu, simama, toa risasi zote, chungulia mtutu kutoka upande wa chemba. Kichwa kilichokwama humo na risasi nyingine nyuma yake hupasua mtutu.

Mizani ya dijitali ibaki nyumbani. Kupima uzito wa risasi nzima ili kukisia baruti hakusaidii, kwani maganda ya bechi moja yanaweza kupishana kwa greni kadhaa wakati baruti inapishana kwa sehemu ya greni. Nzito inaweza kuwa na shaba nyingi tu. Badala yake beba karatasi yenye safu za namba ya risasi, alama ya paketi, saa, joto la hewa, kasi na maoni, na kalamu mbili.