Kona za vichochoro vya Lamu usiku

Ukipita vichochoro vya Mji wa Kale usiku, usiikate kona ukiwa umeubana ukuta wa ndani. Sogea ukuta wa pili, hata ukipata hatua moja tu, ili uone kilichojificha kabla hakijakufikia. Mara nyingi huwa ni punda, lakini na punda naye ana teke.

Sababu ni muda. Mwaka 1983 Dennis Tueller, mkufunzi wa polisi wa Salt Lake City, Marekani, alieleza kwamba mtu mwenye kisu hukimbia futi 21, kama mita 6.4, kwa sekunde moja na nusu hivi. Kwenye kona umbali huo huna, kwa hiyo uamuzi ufanywe kabla: "Akinizibia njia, narudi barazani penye watu." Ukianza kufikiria pale pale, mwili huganda.

Tochi ishike kwa mkono usioutumia sana, simu iwe mfukoni; kioo chake hukupofusha gizani. Mwizi akitaka simu, mtupie kando, wewe kimbilia upande wa pili. Ukifika penye watu ndipo upige 999 au 112.